Bati Limepasuka Kwenye Mkunjo: Kutafuta Chanzo cha Kasoro za Alumini Ngumu

Mbavu tatu za bawa la ndege zilikuwa mezani. Zote zilitoka kwenye kalibu moja, zote za bati la 2024, aloi (mchanganyiko) ya alumini na shaba, lenye unene wa milimita 1. Mbili zilikuwa safi. Wa tatu ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele pale ukingo uliokunjwa unapokutana na tundu la kona. Kwa macho matupu ulionekana mkwaruzo tu. Nilipouinamisha kwenye mwanga wa dirisha na kushika kioo cha kukuzia, ndipo nikaona midomo miwili ya ufa imeachana.

Tulikagua kalibu. Tukakagua nyundo ya mbao. Tukamuuliza kijana aliyenyoosha ukingo kama alipiga kwa nguvu, akasema alipiga kama alivyopiga ile mingine, na nilimwamini. Jibu tulilipata kwenye saa ya ukutani. Mbavu zote zilipikwa tanurini, zikazamishwa ghafla majini, na kutolewa saa sita u nusu mchana. Mbili zikanyooshwa papo hapo, wa tatu ukasubiri watu wale chakula. Uliponyooshwa saa nane u nusu, lile halikuwa tena bati la saa sita.

Tangu siku ile, kila kasoro ya kukunja ninayoletewa hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, naanza na maswali matatu: ni aloi ipi, iko katika hali ipi, na saa ngapi zimepita tangu itoke majini. Mashine ya kukunjia naiangalia mwisho.

Kwanza lijue bati lililo mkononi

Namba nne ndizo jina la aloi, na herufi baada ya kistari ndiyo hali yake. O ni laini kabisa. W ni bati lililotoka majini sasa hivi na bado halijatulia. T4 limepikwa, likazamishwa, likakomaa lenyewe. T3 ni hivyo hivyo, ila limefanyiwa kazi likiwa baridi kabla ya kukomaa. T6 limekomazwa kwa tanuri.

Tofauti si ndogo. Kwa kipimo cha ugumu cha Brinell, 2024-O iko karibu na 47, nayo 2024-T3 iko karibu na 120. Aloi ile ile, kiwanda kile kile. Aloi nyingine ya ndege, 7075, inatoka takriban 60 ikiwa O hadi 150 ikiwa T6.

Kinachofanyika ndani ni hiki. 2024 ina shaba ya asilimia 4.4 hivi, na magnesiamu ya asilimia 1.5. Ukiipasha hadi nyuzi 493 za Selsiasi, shaba na magnesiamu huyeyukia ndani ya alumini, kama sukari ndani ya chai ya moto, ingawa bati lenyewe bado halijayeyuka. Ukilizamisha ghafla majini, vitu hivyo vinanaswa humo humo visipate nafasi ya kujitenga. Baadaye, bila mtu kugusa, vinaanza kukusanyika katika vijivimbe vidogo mno vinavyozuia tabaka za fuwele zisiteleze. Hapo ndipo ugumu unapotoka. Mjerumani Alfred Wilm aligundua jambo hili mwaka 1906, alipokuta sampuli aliyokuwa ameizamisha imekuwa ngumu zaidi baada ya kukaa tu siku kadhaa.

Bati likija halina alama, usikisie kwa rangi. Piga tupa ukingo wake uwe safi, kisha weka tone la mmumunyo wa kostiki soda wa asilimia 10, ukiwa umevaa glavu na miwani. Baada ya dakika chache, 2024 yenye ngozi ya alumini safi itaonyesha mistari mitatu: mweupe, mweusi, mweupe. Mweusi ni shaba ya katikati, na weupe wa pande mbili ni ngozi. Aloi za 5052 na 6061 hazifanyi weusi ule. 7075 nayo hugeuka nyeusi, kwa hiyo tone haliitenganishi na 2024. Hapo unahitaji kipima ugumu. Osha kwa maji mengi, kisha kikate kipande ulichojaribia ukitupe.

Ufa upande wa nje wa mkunjo

Hili ndilo lalamiko linalokuja mara nyingi kuliko yote, na umbo la ufa hueleza mengi kabla hujashika kipimo.

Nyufa ndogo nyingi zilizotapakaa urefu wote wa mkunjo, kama udongo wa mtoni uliokauka, maana yake mkunjo ni mkali kuliko hali ya bati inavyoruhusu. Bati la milimita 1.6 la 2024-T3 linataka nusu kipenyo cha ndani cha mara 3 hadi 5 ya unene wake. 7075-T6 ya unene huo inataka mara 4 hadi 6. 5052-H32 (H ni hali ya bati lililokazwa kwa kazi ya baridi, si kwa kupikwa) inakubali takriban sawa na unene wake, na ndiyo inayowaharibu mafundi: mtu amezoea kukunja matangi na vifuniko vya 5052, siku akipewa 2024 anatumia meno yale yale ya mashine. Dawa ni kuvalisha meno bati jingine hadi upate mviringo unaotakiwa, na kuukagua kwa kigezo cha mviringo, si kwa jicho.

Ufa mmoja ulionyooka kama umechorwa kwa rula, basi kweli umechorwa. Mtu alitumia msumari wa kuchorea kuweka alama ya mkunjo. Mkwaruzo ule ni mwanzo wa ufa, hata ukiwa mwepesi usioushika kwa ukucha. Alama za mkunjo ziwekwe kwa kalamu laini ya wino. Penseli ya kawaida nayo siipendi: risasi yake ni grafaiti, na grafaiti ikibaki juu ya alumini penye unyevu hualika kutu.

Ufa unaoanzia mwishoni mwa mkunjo, ukingoni, ukaingia ndani milimita mbili tatu, chanzo chake ni ukingo uliokatwa kwa mkasi na kuachwa na meno yake. Pitisha kidole taratibu ukingoni. Ukihisi makali, bati halijawa tayari kukunjwa. Tupa laini, kisha msasa, na mwelekeo wa msasa ufuate urefu wa ukingo. Mikwaruzo inayokatiza ukingo ni meno mengine mapya.

Ufa pale mikunjo miwili inapokutana ni kukosekana kwa tundu la kona, au tundu lipo lakini ni dogo, au lilitobolewa likaachwa na makali ndani. Ubavu wetu wa tatu ulipasukia hapo hapo. Tundu lilikuwa sawa, lakini hapo ndipo bati linapovutwa zaidi, kwa hiyo ndipo palipotangulia kushindwa.

Halafu kuna nyuzi. Bati lililovingirishwa kiwandani lina nyuzi kama ubao. Mstari wa mkunjo ukikatiza nyuzi, bati linavumilia. Ukienda sambamba nazo, linapasuka mapema. Ukitazama kwa makini utaona mistari hafifu ya kuvingirishwa, na pia maandishi ya kiwandani kwa kawaida huenda sambamba nayo. Vipande viwili kutoka bati moja, kimoja kizima na kimoja kimepasuka: uliza vilikatwaje kabla ya kuuliza kitu kingine.

Nimeona pia watu wakipitisha moto wa gesi kwenye mstari wa mkunjo ili T3 ikubali. Inakubali kweli. Mkunjo unatoka mzuri, hauna ufa, na ni dhaifu. Moto ule umeshaharibu mpangilio uliolipa bati nguvu, na umefungua njia ya kutu kupita kati ya chembe za fuwele zinazounda bati. Mkunjo mzuri mno wa 2024 wenye alama ya rangi ya moshi, pima ugumu wake hatua kwa hatua kutoka kwenye mkunjo kwenda nje. Namba zikishuka ukikaribia mkunjo, sehemu hiyo haiendi kwenye ndege.

Lilikunjika asubuhi, mchana limegoma

Hapa tunarudi kwenye saa. 2024 ikitoka majini ni laini karibu kama O, na ina takriban nusu saa ya kukubali kazi katika joto la kawaida la chumba. Baada ya hapo inakaza haraka, kwa siku moja inapata sehemu kubwa ya nguvu zake, na kwa siku nne imemaliza. 7075 ikiwa W nayo inakaza, tena haitulii: inaendelea kubadilika kwa muda mrefu, ndiyo maana haiachwi hivyo bali inapelekwa tanurini, nyuzi 121 kwa saa 24, iwe T6.

Nusu saa hiyo ni ya chumba chenye hewa ya wastani. Joto likipanda, ukomaaji unakimbia. Karakana ya Nairobi asubuhi ya Julai si sawa na hanga la Mombasa au Dar es Salaam saa nane mchana mwezi Februari. Nikifanya kazi pwani najihesabia dakika ishirini, wala sioni haya kuweka saa ya kengele mezani.

Ukihitaji muda zaidi, baridi ndiyo inayokuongezea. Barafu ya soko la samaki, yaani nyuzi sifuri, inakupa saa chache tu. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri inakufikisha kesho. Lakini bati liingie friza mara tu linapotoka majini na kukaushwa, si baada ya chai. Mimi hutanguliza sahani nene za alumini ndani ya friza tangu jana yake, kisha bati nalilaza katikati yake, maana hewa ya friza peke yake hupoza polepole. Likitoka friza, saa inaanza kuhesabu tena kwa muda uliobaki, si kwa nusu saa mpya.

Riveti za 2024, zile zenye herufi DD katika namba yake, zinafuata sheria hiyo hiyo, ndiyo maana zinakaa kwenye barafu. Riveti inayopasuka kichwa ukiigonga, mara nyingi imekaa nje ya friza kuliko mtu alivyodhani. Zile za aloi ya 2117 hazina shida hiyo.

Kama muda umepita, usilazimishe. Kipande kinaweza kurudishwa tanurini, kwa hesabu nitakayoeleza hapa chini, kwenye sehemu ya bati lenye ngozi.

Limepikwa, lakini kipima ugumu kinasema laini

Tanuri linasema 493. Je, bati nalo linasema hivyo? Kipimajoto cha tanuri kinasoma pale kilipo, huenda ni pembeni karibu na vipasha joto, wakati bati liko nyuma ya mlango unaovuja. Funga themokapo (waya wa kupimia joto) kwenye kipande chenyewe, au kwenye kipande cha unene ule ule kilichowekwa kando yake, na uhesabu muda tangu kipande kifike joto, si tangu tanuri lifike. Bati la milimita 1 katika tanuri la hewa linataka karibu nusu saa. Vipande vikibanana kama samaki kwenye tenga, vya katikati havipikiki.

Joto likiwa sawa, tazama safari kutoka tanurini hadi majini. Kwa bati la milimita 0.8 hadi 2.3, safari hiyo isizidi sekunde 10, tangu mlango uanze kufunguka hadi kipande chote kizame. Jembamba zaidi, sekunde 7 au chini ya hapo. Hatari iko kati ya nyuzi 400 na 290 hivi, maana hapo shaba hujitenga upesi, na bati jembamba lililoshikwa hewani linafika huko kabla hujageuka. Karakana moja niliyoitwa ilikuwa na tangi la maji upande wa pili wa mlango, hatua tisa kutoka kwenye tanuri. Tulihamisha tangi. Hatukubadilisha kitu kingine, na namba zikarudi.

Kisha maji yenyewe. Yawe chini ya nyuzi 38 kipande kinapoingia. Nairobi hilo ni jambo rahisi. Pwani, maji ya tangi jeusi la plastiki lililokaa juani yanaweza kuwa yamefika hapo kabla hujazamisha chochote, kwa hiyo weka kipimajoto ndani na barafu karibu. Maji yawe mengi pia, yasipande joto kwa mzigo mmoja.

Nasisitiza hili kwa sababu kosa la maji moto au safari ndefu halionekani sawasawa kwenye ugumu. Kipande kinaweza kupita kipimo cha ugumu, lakini kwenye mipaka ya chembe shaba imeshajipanga, na baada ya msimu mmoja wa hewa ya chumvi kinaanza kuliwa kwa ndani. Ndiyo maana ugumu upimwe pamoja na upitishaji wa umeme. Ukiichukulia shaba kuwa 100, 2024-T3 iko karibu na 30, na 2024-O karibu na 50. Kipande chenye ugumu wa kuridhisha lakini upitishaji umepanda juu ya kiwango chake, kimepoa polepole.

Jambo moja zaidi kuhusu kulainisha. Ile njia ya kupaka masizi ya asetilini na kuyachoma hadi yapotee inafaa kwa alumini safi na 5052. Kwa 2024 haikupi O. Hali ya O inataka nyuzi 413 kwa saa mbili au tatu, kisha kupoa kwa nyuzi 28 kila saa hadi 260. Ukilipasha kwa moto na kuliacha lipoe hewani, litakuwa laini leo na kukaza nusunusu baada ya siku nne, nawe hutajua una nini mkononi.

Malengelenge baada ya kupika

Malengelenge madogo yakionekana baada ya kupika, mawili yanawezekana. La kwanza ni unyevu au uchafu tanurini: maji yanaipa alumini haidrojeni, nayo inajikusanya chini ya ngozi. Mafuta ya kukunjia yasiyooshwa na vipande vilivyoingizwa na majimaji ndivyo vinavyoleta hilo. La pili ni joto kupita kiasi. 2024 inaanza kuyeyuka kwenye mipaka ya chembe karibu na nyuzi 502, na wewe unaipika kwa 493. Nafasi ni nyuzi tisa. Tanuri linaloyumba nyuzi kumi juu na chini halifai kazi hii hata kidogo.

Bati lililoyeyuka mipaka ya chembe haliokolewi. Kulipika tena hakurudishi kitu. Likunje kipande cha pembeni: likivunjika kavu, bila kuvutika, na uso wa mvunjiko una mng'ao wa chembe chembe, kata mzigo wote vipande ili asije mtu akauokota.

Limepinda baada ya kuzamishwa

Karibu kila bati jembamba hupinda. Punguza kupinda huko kwa kulizamisha kwa ukingo wake, wima, kwa mwendo mmoja usiositasita, likiwa limening'inizwa na si kulazwa kwenye wavu. Kulizamisha bapa ni kulitia mkunjo kwa makusudi. Kisha linyooshe papo hapo likiwa W, ndani ya dakika zako. Kunyoosha T6 kwa nyundo ni kurudi kwenye nyufa.

Uso kama ganda la chungwa

Chembe zimekuwa kubwa. Hutokea bati likivutwa kidogo tu, asilimia 5 hadi 15 hivi, kisha likapikwa polepole: chembe chache hupata nguvu ya kumeza jirani zake. Fanya sehemu kubwa ya uumbaji baada ya kupika, likiwa W, au hakikisha tanuri limeshafika joto kabla ya kuingiza kipande. Uso ukishakuwa hivyo, msasa unaficha tu.

Pembe haikai digrii 90

Baada ya kukunjwa, alumini inarudi nyuma zaidi kuliko chuma kwa sababu ukakamavu wake ni theluthi moja tu, gigapaskali 70 hivi dhidi ya 200. Kadiri hali ilivyo ngumu na mviringo ulivyo mpana, ndivyo inavyorudi zaidi. Kata kipande cha bati hilo hilo, mwelekeo huo huo wa nyuzi, ukikunje, upime ilivyorudi, uongeze kiasi hicho. Pembe zikianza kutofautiana katikati ya kazi wakati mashine haijaguswa, bati linakomaa mikononi mwako, au umebadilisha bati bila kujua.

Madoa ya kutu kwenye bati lenye ngozi

Ngozi ya alumini safi kwenye 2024 nyembamba ni asilimia 5 tu ya unene kila upande. Kila unapolipika, shaba inapanda kuelekea juu. Likipikwa mara nyingi, inatokea kwenye uso na ngozi haina kazi tena. Kwa bati jembamba nahesabu upishi mmoja, na wa kurudia mmoja tu pale waraka wa kazi unaporuhusu. Chini ya nusu milimita sirudii. Muda wa kupika nao uwe mfupi kadiri kanuni inavyokubali.

Kwa hesabu hiyo, ubavu wetu wa tatu haukuwa na nafasi, kwani ufa haupikwi ukapona. Tuliukata katikati ya kona. Ufa ulikuwa umeshapita zaidi ya nusu ya unene. Ubavu mpya ulipikwa Jumatano. Ulitoka majini saa nne na dakika kumi, pigo la mwisho la nyundo likapigwa saa nne na dakika ishirini na mbili, na nyakati zote mbili zikaandikwa kwenye kadi iliyofungwa kwa uzi kwenye tundu lake.